Makaburi ya mtaani: namna ya kuyafanya kivuli cha mtaa bila ya kuwavunjia heshima waliolala

Asalaam alaykum wenzangu. Hebu panda juu ya roshani yoyote ya Ng'ambo, hapa mjini Zanzibar, uangalie chini, utaona mabati, mabati, mabati, afu ghafla pana kipande cha kijani katikati kama kiraka cha nguo. Nenda mpaka pale utakuta ni makaburi. Yaani viwanja vimeshajengwa, mashamba ya minazi yamekatwa vipande, uwanja wa mpira umepigwa fremu za maduka, kilichobaki ni makaburi tu, na yamebaki kwa sababu watu wanaogopa. Basi.

Sensa ya 2022 ilihesabu Mjini Magharibi watu karibu laki tisa, 893,000 na kitu, kati ya Wazanzibari milioni 1.89, yaani karibu nusu ya nchi imejibana pembe moja ya Unguja. Na mitaa yenyewe ukiitaja ni kama unasoma orodha ya miti: Miembeni, Mwembeladu, Mwembetanga, Mwembeshauri, Mikunguni. Miembe yenyewe iko wapi? Jina limebaki, mti umekwenda.

Sasa mie na vijana wa maskani yetu tumehangaika na makaburi ya mtaani kwetu misimu kadhaa, tumekosea sana na tumejifunza, ndo naandika hapa kwa urefu ili wewe usianze na makosa yaleyale. Niseme mapema, sizungumzii bustani ya kwenda kula mishikaki. Wenzetu huko Copenhagen wana makaburi yanaitwa Assistens, yapo tangu 1760, na sehemu yake watu wanatandika shuka wanalala juani, watoto wanapanda baiskeli. Kwao ni sawa, kwetu haiendi na wala tusilazimishe. Ukitaka mfano wa karibu na sie tazama Istanbul, makaburi ya Karacaahmet, Waislamu wenzetu, makubwa kabisa, yamejaa miti mirefu ya saipresi mpaka kutoka mbali unadhani ni msitu. Hakuna anayecheza mle, lakini mji mzima unapata hewa na kivuli. Hicho ndo tunachotaka.

Anza kwa kujua ni ya nani

Hapa ndo wengi tunateleza. Unaona pako wazi, pamejaa majani, unadhani pa serikali, unaingia na panga. Makaburi ya mjini kwetu yana wenyewe wa aina nyingi: mengine ni wakfu, mtu alitoa ardhi yake zamani kwa ajili ya kuzikia, na hapo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inahusika, mengine ya ukoo mmoja tu ambao labda nusu wako Muskat, mengine yako pembeni ya msikiti na wenye kauli ni kamati ya msikiti, na makubwa kama ya Mwanakwerekwe ni habari nyengine kabisa, huko usiende na reki yako peke yako. Ukiwa ndani ya Mji Mkongwe ujue pia umo ndani ya urithi wa dunia tangu 2000, huwezi kugonga hata msumari kwenye ukuta wa zamani bila ya mamlaka ya Mji Mkongwe kujua.

Kwa hiyo mtu wa kwanza ni sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa. Nenda na mzee mmoja anayeheshimika, usiende kundi la vijana kumi na fulana za rangi moja, mtaonekana mna jambo. Mueleze kwa ufupi: tunataka kusafisha, kupanda miti pembezoni, hatujengi kitu, hatuhamishi kitu. Hayo maneno mawili ya mwisho yaseme mara mbili mana'ke wasiwasi wa watu wote uko hapo, kila mmoja ashasikia habari ya makaburi yaliyoanza kusafishwa yakaishia kuwa gereji. Sheha atakwambia nani wa kumuona, afu andikeni barua hata ya ukurasa mmoja, igongwe muhuri, kopi moja ibaki kwenu. Siku atakapokuja mtu anafoka "nani kakupeni ruhusa" utashukuru.

Baada ya hapo litangazwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Lisitangazwe na kijana, mpeni imamu aliseme yeye. Kina mama hawapo msikitini Ijumaa wengi wao, kwa hiyo habari ipite na kwenye vikundi vya maulidi na vya kufa na kuzikana, na msilipuuze hili, nitakwambia kwa nini.

Kabla ya kushika panga, hesabu

Wiki nzima ya mwanzo msikate hata jani. Pita na mzee anayejua nani kalala wapi, chukua daftari la shule na rula, chora. Makaburi mengi ya zamani kwetu hayana jina, yana mashahidi tu, yale mawe mawili la kichwani na la miguuni, na mengine hata hayo yamezama, limebaki tuta dogo ambalo ukikanyaga ndo unajua. Mengine yana alama ambayo si jiwe: kigae, kibao, shina la mti. Kila unachokiona kimesimama kichukulie ni alama mpaka uambiwe si alama. Funga kitambaa cheupe kwenye kijiti, chomeka.

Sie hatukufanya hivyo. Siku ya kwanza tulikuwa vijana kumi na nne, morali juu, tumeazima mashine ya kukatia majani, kufika saa nne asubuhi tumeshafagia robo nzima, tunapigana picha. Akaja bibi mmoja na kanga yake, akasimama mlangoni muda mrefu hasemi kitu. Nikamfuata.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Pale palikuwa na msanapichi mdogo."

Nikamwambia tumekata vichaka tu bibi, tunasafisha. Akasema, taratibu kabisa, wala hakunigombeza, "Kile si kichaka mwanangu. Chini yake yupo mtoto wangu, alikaa siku tatu. Jiwe sikuweza kununua, nikachomeka kijiti."

Wallahi sijui kama niliwahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Tukaanza kutafuta kwenye lundo la majani, tukapata tawi lenyewe, utomvu mweupe bado unatoka. Bahati msanapichi ni mti wa ajabu, kijiti chake ukikikata, ukakiacha kivulini siku chache mpaka jeraha likauke, ukakichomeka kwenye udongo usiotuama maji, kinashika. Tukafanya hivyo. Ulishika, saa hizi una maua meupe ya moyo wa manjano. Lakini tulipouchomeka ni kwa kukisia, pengine ni hatua mbili pembeni, pengine tatu, na bibi anajua kama tulikisia. Ndo kanga ile kila nikiiona njiani nashuka baiskeli.

Kwa hiyo: daftari kwanza. Na muwaulize kina mama, wao ndo wanajua makaburi ya vichanga.

Kufyeka na taka

Hapa haraka haraka. Fyeka kwa panga na mkono karibu na makaburi, mashine itumike njiani tu, jiwe la matumbawe likipigwa na uzi wa mashine linamomonyoka na lile andiko la Kiarabu la miaka mia linakwenda. Moto hapana. Najua ndo njia rahisi, kiangazi mtu anachoma tu na kibiriti, lakini moto unapasua mawe, unaua mizizi ya miti unayoitaka, na moshi unaingia kwa watu. Majani yaliyokatwa yarundikwe kona moja yaoze, baada ya miezi sita hivi una mboji ya bure.

Nyasi fupi ziacheni. Tuna ugonjwa wa kupara ardhi mpaka ing'are nyekundu, tunaita usafi, afu masika ikija udongo wote unashuka barabarani na makaburi yanatitia.

Taka ni vita ya peke yake. Ukuta wa makaburi ukiwa mfupi na pembeni pana giza, watu watatupa, pampasi, mabaki ya samaki, kila kitu. Na taka zinaleta kunguru, wale weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa kutoka India miaka ya 1890 eti wasafishe mji, wakaishia kula mayai na makinda ya ndege wetu. Tuligundua kibao cha "usitupe taka" hakifanyi kitu. Kilichofanya kazi ni kupanda asumini na mrehani palepale walipokuwa wanatupa, mtu anaona haya kumwaga utumbo wa samaki juu ya mrehani, afu tukaweka taa moja ya sola. Jaribuni.

Na vifuu, makopo, mitungi ya maua iliyovunjika, vyote vifunikwe au vitolewe kila wiki msimu wa mvua. Mbu anataka maji kijiko kimoja tu.

Maji yanapokwenda

Watu hawalioni hili lakini ndo faida kubwa kuliko zote. Anayeijua Mwanakwerekwe ya zamani wakati wa masika anakumbuka lile ziwa lililokuwa likitokea barabarani. Kila tunapomwaga zege, maji yanakosa pa kuzama. Makaburi yenye udongo laini na mizizi yanayameza maji ya mtaa mzima polepole. Kwa hiyo yeyote atakayekuja na wazo la kupiga zege au pavingi ndani, kwa nia njema, maana wafadhili wanapenda kitu kinachoonekana, mkatalieni kwa adabu. Njia ya kupitishia jeneza iwe kokoto au mchanga wa kushindiliwa, upana wa watu wawili wawili wenye jeneza begani na nafasi ya kupishana, mita mbili hivi.

Mvua kubwa ikinyesha toka na mwavuli uende ukatazame maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Hakuna njia nyengine ya kujua. Yakiwa yanapita juu ya makaburi, chimba mfereji mdogo wa kifundo cha mguu pembezoni uyageuze, lakini pembezoni tu, na awepo mzee wa daftari. Katikati hakuchimbwi kitu kabisa.

Miti, sasa ndo penyewe

Kwanza suala la dini maana litaulizwa. Ipo hadithi sahihi ya Mtume (SAW) aliyepita kwenye makaburi mawili, akachukua kuti bichi la mtende akalipasua mara mbili, akachomeka kila kaburi kipande, akasema huenda wakapunguziwa adhabu madhali hayajakauka. Wapo mashekhe wanaosema hilo lilikuwa lake yeye peke yake, wapo wanaosema tunaweza kufuata. Msiingie kwenye ugomvi huo, mtagawanyika mtaa. Sie tulikubaliana: juu ya kaburi hakipandwi kitu na sie, kila familia na kaburi lake, miti yetu ni ya pembezoni na njiani. Na kuna ile hadithi nyengine, Muislamu akipanda mti akala mtu au ndege au mnyama ni sadaka kwake, hiyo haina mgomvi.

Umbali: mti mkubwa usipungue mita nne kutoka kaburi la karibu na mita tatu kutoka ukuta. Kama nafasi hiyo hamna basi hamna, pandeni vichaka. Nimeona mzizi umenyanyua sakafu ya kaburi kama mtu anavyonyanyua mfuniko wa sufuria.

Mti gani? Wangu wa kwanza ni mkungu. Unapenda chumvi na upepo wa pwani, unatandaza matawi kama mwavuli wa ghorofa, na kivuli chake kizito. Kasoro yake unapukutisha majani makubwa, mengi, kwa hiyo lazima awepo wa kufagia. Mwarubaini hauna shida, unaota hata kwenye jiwe, lakini ndo huohuo unajisambaza, utakuta miche hata kwenye ufa wa kaburi, ing'oeni ikiwa kidole. Mtondoo ni mti wetu wa pwani, mzuri sana, majani yanang'aa, maua yananukia, hauna haraka, huo mpande kwa ajili ya wajukuu. Mkwaju vilevile.

Mvinje nausemea vibaya kidogo, samahanini wapenzi wa mvinje, unakua haraka na unaimba vizuri kusi ikivuma, ila majani yake membamba kama sindano yakishatandika chini hakioti kitu tena. Mwembe hapana. Kivuli chake hakina mfano lakini msimu wa maembe watoto watarusha mawe makaburini kutwa, afu itazuka fitina maembe ya nani, maana mti ukiwa ndani ya wakfu matunda yake si ya aliyekwea. Mnazi pia hapana, nazi ikianguka haichagui kichwa wala jiwe la kaburi.

Mlangoni ndo pa harufu: asumini, mkilua, mlangilangi kama mna nafasi, watu wa Pemba hawana haja ya kufundishwa hilo. Mtu anaingia kumzuru mzee wake anakutana na kilua, anaanza kumkumbuka kabla hajafika.

Na Pemba kwa kweli wametutangulia. Yule popo mkubwa wao, ambaye duniani kote anaishi Pemba tu, ameponea kwenye vichaka ambavyo watu waliviacha, vyengine ni vya makaburi ya wazee, hakuna aliyethubutu kukata. Anayekwenda Kidike kuwatazama anaona mapopo, mie naona heshima ya watu wa kale imegeuka msitu.

Kupanda kwenyewe. Miche itoke kitaluni ikiwa urefu wa goti mpaka kiuno, mikubwa zaidi inachelewa kushika. Shimo lichimbwe wiki mbili kabla, sentimita 60 kwa 60, na lichimbwe kwa mkono na jembe taratibu, ukikuta kitu kisichoeleweka simama, mwite mzee, fukia, hamia pengine. Ardhi ya kichanga changanya samadi iliyooza ndoo mbili. Ardhi ya jiwe, kama uwandani, msipoteze nguvu, tafuteni ufa wenye udongo mpande mwarubaini au mtondoo. Panda masika ikishaanza kweli, Machi mwisho au Aprili, si ile mvua ya kwanza ya kudanganya. Vuli pia inafaa lakini nyuma yake inakuja kaskazi na kiangazi cha Januari, ujiandae kubeba maji.

Baada ya kupanda, zungushia makumbi ya nazi shina zima, unene wa kiganja, yasiguse gome. Makumbi ni bure, nenda popote wanapofua nazi watakushukuru kuyaondosha. Yanashika unyevu siku nyingi. Kiangazi mwaka wa kwanza ndoo moja ya lita 20 kwa mti mara mbili kwa wiki, jioni. Maji ya bomba mtaani kwetu yanakuja usiku wa manane au hayaji, kwa hiyo tuliomba kisima cha msikiti, na chupa za lita moja na nusu tukazitoboa kitundu kidogo chini tukazichimbia nusu pembeni ya mche, ukijaza inadondosha polepole. Afu mbuzi! Mche usio na kizizi cha fito ni futari ya mbuzi. Mwaka wa kwanza tulipanda miche thelathini, ikabaki kumi na moja, na kumi na tano katika iliyokufa ililiwa.

Barza ya nje, na adabu za ndani

Watu wanataka pa kukaa, ni haki yao, na Mtume (SAW) amesema bora mtu akalie kaa la moto likamuunguzia nguo mpaka kwenye ngozi kuliko kukalia kaburi. Sasa ukiwawekea kivuli bila ya pa kukaa, watakalia ukuta wa kaburi la mtu. Barza ijengwe nje ya ukuta, mgongo kwa makaburi au ubavu, chini ya mkungu, urefu wa futi kumi hivi, na mtungi wa maji ya kunywa. Pale wazee watacheza bao, wanafunzi watadurusu, na macho yao ndo ulinzi wenu. Tangu tuwe na barza hakuna aliyetupa taka mchana, na wale waliokuwa wanakwenda kuvuta vitu vyao mle ndani wamehama wenyewe.

Ndani: salamu ukiingia, sauti ya chini, hakuna mpira, hakuna muziki wa simu, hakuna kupitisha pikipiki kukata njia. Watoto wa chuoni, chuo cha Kurani, waleteni, na maalim wao, Alkhamisi moja kwa mwezi wamwagie miche maji na wajifunze dua ya kuzuru. Mtoto aliyemwagia mti maji haukati.

Pesa

Pesa ndogo, na iwe ndogo. Sie gharama ilikuwa miche, samadi gari moja ya ng'ombe, reki, toroli na taa. Tulichanga, tukaandika kwenye daftari lilelile la ramani upande wa nyuma, na kila mchango ukasomwa msikitini. Mtu akija na pesa nyingi na bango la jina lake, mshukuruni, muombeni anunue tangi la maji badala yake.

Mwaka unavyokwenda

Machi tunachimba mashimo, Aprili tunapanda. Mei hatufanyi kitu ila kuzibua mfereji na kumwaga vifuu. Kusi ikianza Juni tunapunguza matawi yaliyoelemea makaburi, msumeno na si panga, mtu mmoja juu wawili chini na kamba. Oktoba kabla ya vuli tunapanda pengo. Desemba mpaka Februari ni ndoo tu, kila nyumba na mti wake, na ndoo zinakaa kwa mama muuza urojo mkabala na mlango, kwa sababu yeye yupo kila siku na anajua nani hajaja kumwagia. Siku mbili kabla ya Idi ni kufagia, mana'ke baada ya sala watu wote wanakuja kuzuru, na mwaka huu tuliwakuta wamekaa barzani wakisubiriana zamu ya kuingia, kitu ambacho zamani walikuwa wanasimama juani barabarani na madaladala yanawapigia honi.